Kilo Kumi na Nne za Kitanda cha Tisa

Saa mbili na dakika tano asubuhi, simu ya mezani inalia katika chumba chembamba nyuma ya duka la dawa la hospitali. Mwanamke mwenye sweta zito la kijani anaipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haujaacha kuchapa.

Sweta ni vazi la kazi. Kipoza hewa cha chumba hiki hakizimwi, na baridi yake haikuletwa kwa ajili ya binadamu. Ni ya kabati la chuma lenye seva mbili, na anayekaa nalo hujitafutia sweta lake.

"Mama Seva hapa."

Ndivyo anavyoitwa na kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu. Ana miaka thelathini na tisa, na ni yeye peke yake anayetunza kompyuta mia moja na arobaini za hospitali hii pamoja na mfumo unaoziunganisha.

Anayepiga ni muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mama wa makamo ambaye wenzake humwita Sista Miwani kwa sababu hutembea na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Sauti yake inasikika mpaka kwenye kiti alichokalia mwandishi.

"Mama Seva, hebu niangalizie. Sindano ya kitanda cha tisa naiona ndogo."

"Ndogo vipi, Sista?"

"Ndogo tu. Mtoto ana degedege. Dawa ya kwanza haikushika, sasa hii ya pili imekuja na lebo ya mfumo wako, lakini naiona haijai kama nilivyozoea."

"Uzito mmeingiza ngapi?"

"Kumi na nne."

Mama Seva anachapa mstari mmoja kwenye skrini nyeusi. Jibu linatoka hapo hapo. Analisoma kimya, kichwa kinakubali.

"Iko sawa, Sista. Kwa kilo kumi na nne hesabu inatoka vilevile inavyotakiwa."

"Una hakika?"

"Nimeijaribu sasa hivi. Kwangu inafanya kazi."

"Haya. Wewe ndiye mwenye mashine."

Simu inakatwa. Katika mazungumzo hayo yote hakuna aliyemtajia mwenzake tarakimu iliyokuwa mbele ya macho yake. Sista Miwani alikuwa ameshika lebo iliyoandikwa miligramu 127. Mama Seva alikuwa akitazama 280.

Mwandishi wa makala haya, ambaye hata nywila ya simu yake huisahau, hakung'amua lolote. Alikuwa amekuja kwa habari nyingine, tena ya furaha: namna mfumo wa lebo ulivyopunguza foleni ya dawa wodini kutoka saa moja na nusu hadi dakika kumi na mbili. Alikuwa na daftari, chai ya moto na maswali mepesi.

Basi Mama Seva akamgeuzia kiti na kuendelea pale walipoishia, akieleza kazi aliyoimaliza jana yake, Jumatatu jioni. Alikuwa akijivunia kazi hiyo, na hakuficha.

Mfumo wenyewe ni tovuti ya ndani. Muuguzi anafungua ukurasa, anaingiza kitanda, dawa na uzito wa mgonjwa, anabofya. Lakini tovuti yenyewe haijui hesabu za dawa. Kila mara inaiita programu nyingine ya pembeni, kongwe, iliyoletwa kama msaada na hospitali moja ya ng'ambo. Programu hiyo inapiga hesabu, inarudisha jibu, na printa ya duka la dawa inatema lebo.

"Programu ikianzisha nyingine, ile ya kwanza tunaiita mzazi, ya pili tunaiita mtoto," alieleza. "Sasa mtoto anarithi mazingira ya mzazi. Ni orodha ya vigeu, yaani majina yenye thamani zake: lugha ni ipi, saa zihesabiwe za wapi, mafaili yako wapi, nywila ni ipi. Mtoto haombi. Anazaliwa navyo."

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Tovuti ilikuwa ikirithisha vigeu arobaini na nane, vyote, kwa kila programu ndogo iliyoiita. Miezi miwili iliyopita programu mojawapo ilianguka, na kabla ya kufa ikamwaga orodha nzima kwenye ripoti ya makosa. Mama Seva alipoifungua ripoti hiyo, mstari wa ishirini na tatu ulikuwa nywila ya hifadhidata ya wagonjwa wote. Mtumishi yeyote angeweza kuisoma.

"Niliisoma mara mbili," alisema. "Humo kuna majibu ya vipimo vya watu. Kuna siri ambazo mtu hajamwambia hata mwenzi wake."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Alibadilisha nywila siku ileile, na Jumatatu akaziba ufa wenyewe: akaandika orodha fupi ya vigeu ambavyo mtoto anaruhusiwa kurithi. Saba tu. Arobaini na moja vikakatwa. Akajaribu programu zote sita za pembeni, moja baada ya nyingine, na zote zikajibu sawasawa. Tovuti ingeanza kufuata orodha mpya itakapowashwa upya saa kumi na mbili asubuhi, kama inavyowashwa kila siku.

"Kwani mtoto anahitaji funguo za nyumba nzima za nini?" aliuliza, akacheka. "Nimempa zinazomtosha."

Alikuwa bado anacheka simu ilipolia tena. Saa mbili na dakika thelathini na nne.

Safari hii alikuwa daktari wa wodi ya watoto, na hakusalimia.

"Mama Seva, mtoto bado anakakamaa. Sindano imeisha dakika kumi zilizopita. Nimepiga hesabu kwenye kiganja changu hapa, napata mia mbili themanini. Lebo yenu inasema mia moja ishirini na saba. Nani mwongo kati yetu?"

Mwandishi aliona uso wa mwanamke yule ukibadilika. Haikuwa hofu kwanza. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia tarakimu ambayo alipaswa kuiuliza nusu saa iliyopita.

"Dokta, kaa kwenye simu."

Akaweka mkono wa simu mezani bila kuukata, akafungua kidirisha kinachoelekea duka la dawa, akapaza sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Simamisha! Kaka, usitoe sindano hata moja! Ulizokwisha toa niandikie!"

Mfamasia, kijana mrefu mwenye kalamu sikioni, aliganda na trei mkononi. Hakuuliza kwa nini. Aliirudisha mezani taratibu.

Mama Seva akarudi kwenye skrini. Safari hii hakuandika ile amri kwa mkono. Alifungua ukurasa wa tovuti kama muuguzi anavyoufungua, akaingiza kumi na nne, akabofya. 127. Akarudi kwenye skrini nyeusi, akaandika amri mwenyewe. 280. Programu ni ileile, uzito uleule, kompyuta ileile. Kilichotofautiana ni nani aliyeiita.

"Sasa onyesha umerithi nini," alinong'ona, akisema na mashine.

Akaitaka tovuti ichapishe mazingira iliyompa mtoto. Mistari saba ikajipanga. Halafu akachapisha mazingira yake yeye, ya akaunti yake mwenyewe. Ikamwagika mistari mingi mpaka ikapanda juu ya skrini. Alipitisha kidole juu yake, mstari kwa mstari, midomo ikisoma. Mwandishi alisahau chai. Kwenye mkono wa simu uliolala mezani kulisikika mtoto, si kulia, bali mkoromo mfupi mfupi unaojirudia, na mwanamke anayeita jina moja tu.

Kidole kikasimama.

"Ratili," akasema. "Mungu wangu. Imesoma ratili."

Waliotengeneza programu ile walikuwa wanapima watu kwa ratili. Usipoiambia kitu, inadhani uzito uliopewa ni wa ratili. Ili ihesabu kwa kilo, ni lazima irithi kigeu kimoja kinachosema hivyo. Kigeu hicho kilikuwa miongoni mwa arobaini na moja alivyovikata Jumatatu. Ratili kumi na nne ni kilo sita na ushee, uzito wa mtoto ambaye bado hajajua kukaa.

Na kwa nini yeye alipojaribu ilimjibu vizuri? Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka sita iliyopita, alipoanza kazi, fundi aliyemtangulia alimfungulia akaunti kwa kunakili yake, pamoja na vigeu vyote alivyokuwa amejiwekea mwenyewe. Kila Mama Seva alipojaribu programu kwa mkono wake, alikuwa anairithisha kigeu cha kilo bila kujua kwamba anacho.

Akanyanyua simu. "Dokta, mfumo umehesabu ratili badala ya kilo. Kosa ni langu."

"Kosa tutaligawana baadaye," daktari akajibu. "Nisikilize. Hapa kuna njia mbili tu. Kama amepata mia moja ishirini na saba, namwongezea iliyobaki sasa hivi. Kama mfamasia alistuka akavuta dawa kwa uzoefu wake, amepata zote, na mimi nikiongeza juu yake, pumzi inakata. Sindano imeshatupwa. Nataka uniambie amepata ngapi, na usiniambie unadhani."

Mama Seva alifungua kumbukumbu za mfumo. Saa moja na dakika hamsini na nane, kitanda cha tisa, uzito 14, jibu 127. Hiyo ilikuwa nusu ya ushahidi. Nusu nyingine ilikuwa kwenye mikono ya mfamasia.

"Kaka, ya kitanda cha tisa ulivuta kiasi gani?"

"Kilichoandikwa kwenye lebo."

"Usinijibu kutoka kichwani. Chupa iko wapi?"

Mfamasia alikimbia kwenye friji, akarudi na kichupa kilichofunguliwa asubuhi hiyo kwa kitanda cha tisa tu, akakiinua kwenye mwanga. Alikisoma mara mbili. Kisha akavuta kilichobaki kwa sindano tupu ili akipime, mkono ameuegemeza kaunta. Mwandishi hajawahi kuona sekunde ndefu kama zile, na amekaa mahakamani akisubiri hukumu za watu.

"Imetoka mia moja ishirini na saba tu," akasema. "Naapa."

"Dokta," Mama Seva akasema kwenye simu, kila neno peke yake. "Amepata mia moja ishirini na saba. Nimeiona kwenye kumbukumbu na kwenye chupa. Bado mia moja hamsini na tatu. Nina uhakika."

Upande wa pili ukakata.

Lebo zilizochapwa tangu saa kumi na mbili zilikuwa saba. Mbili zilikuwa bado kwenye trei ya duka la dawa. Nne zilikuwa zimeshapelekwa, lakini raundi ya sindano huanza saa tatu, na ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi na mbili. Mama Seva na mfamasia waligawana wodi wakakimbia. Yeye alikimbia na sweta lake na kandambili za chumba cha seva, akipasua msafara wa watu wa kutembelea wagonjwa, huku mwandishi akihema nyuma yake.

Walizipata zote nne. Ya mwisho ilikuwa tayari mkononi mwa muuguzi aliyekuwa anampangusa mtoto paja kwa pamba.

Saa tatu na dakika saba, mtoto wa kitanda cha tisa aliacha kukakamaa. Ni msichana wa miaka mitatu. Vidole vyake vilivyokuwa vimejikunja ngumi vilifunguka kimoja kimoja, akapumua kwa kishindo, akalala. Daktari alibaki ameinama juu yake robo saa nzima, mkono juu ya kifua chake.

Mama Seva alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwita. Angeweza kurudi zake chumbani kwake na hakuna ambaye angemlaumu, maana kazi ilikuwa inamsubiri kibao. Badala yake alikwenda mpaka kwenye kitanda, akachuchumaa mbele ya mama wa mtoto, mwanamke mdogo aliyekuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa.

"Dada, mimi ndiye niliyekosea dawa ya mtoto."

Mama yule alimtazama kandambili, kisha sweta.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni wa kompyuta."

"Kompyuta imemfanya nini mwanangu?"

Akamweleza. Hakusema vigeu wala mazingira. Alisema kuna mashine inayopiga hesabu ya dawa kufuata uzito, na jana yeye aliigusa, na leo ikampima mtoto kwa kipimo kisicho chake.

"Kwa hiyo alipewa dawa ya mtoto mchanga."

"Ndiyo."

"Na Sista aliuliza. Nilimsikia anauliza kwenye simu."

"Aliuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia iko sawa."

Mama wa mtoto alivuta shuka, akamfunika mwanawe. Alipozungumza tena sauti yake haikupanda.

"Ondoka mbele yangu."

Aliondoka. Kwenye ngazi za nyuma, zile zinazoshuka kwenye chumba cha kufulia mashuka, alikaa akalia, mdomo kaufunika kwa mkono wa sweta. Mwandishi alisimama ngazi tatu juu yake, akajiona hana kazi duniani.

"Mama yangu alipiga deki ngazi hizi miaka ishirini na mbili," alisema baadaye, akipangusa uso. "Usafi wa wodi zote hizi, yeye. Mimi nimeanza kama karani wa masjala, kubeba mafaili. Nimejifunza kompyuta kwenye mashine iliyokuwa inatupwa. Alivyojivuna! Alikuwa anawaambia watu, mwanangu hashiki tena uchafu, anashika akili ya hospitali. Leo nitamwambia nini?"

Anaishi na huyo mama yake, mumewe ambaye ni fundi cherehani, na watoto wawili wa kiume, katika vyumba viwili vya kupanga. Mshahara wake ndio unaolipa kodi na ada. Cherehani inalipa chakula, siku ikiamka vizuri.

Mchana kulikuwa na kikao katika ofisi ya mganga mkuu. Mwandishi aliruhusiwa kukaa pembeni. Katibu wa hospitali, mtu mpole anayependa mambo yaishe, alikuwa ameshaandaa sentensi: kumetokea hitilafu ya mtambo, imerekebishwa.

"Mtambo haukuwa na hitilafu," Mama Seva alisema. "Ulifanya ulichoambiwa. Niliukatia kigeu, halafu nikaujaribu kwa akaunti yangu badala ya kuujaribu kupitia tovuti. Na Sista aliponiuliza, nilijibu kabla ya kumuuliza anaona tarakimu gani."

"Mama Seva, tunakusaidia," katibu alisema. "Ukiandika hivyo, barua ya onyo haikwepeki. Ya pili ikija, kazi huna."

"Najua. Lakini mkiandika hitilafu, mtanunua seva mpya. Na atakayekuja baada yangu atafanya hivi hivi kwenye seva mpya."

Sista Miwani, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alivua miwani ya usoni akavaa ya kichwani.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Na mimi niandikeni. Jicho langu liliona, nikaliacha likanyamazishwa na simu. Miaka thelathini nashika sindano, nikamwamini mtu ambaye hata hajui kuchoma."

Mganga mkuu alicheka bila kutaka, halafu akaacha. Barua za onyo ziliandikwa siku ileile, mbili, moja ikiwa ya Sista Miwani. Mama Seva alisaini yake, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa sweta.

Jioni alimpigia simu fundi aliyemtangulia, mstaafu anayejulikana kama Babu Waya, akaweka kipaza sauti ili mwandishi asikie.

"Shikamoo, Babu. Kile kigeu cha kilo, ulikiweka lini?"

"Marahaba, mwanangu. Kile? Mwaka wa kwanza tu programu ilipokuja. Ilikuwa inatoa majibu ya ajabu, nikakaa nayo siku mbili, nikakipata. Mstari mmoja tu."

"Uliandika mahali?"

"Nilijua nitakumbuka."

"Ukastaafu nacho."

"Nikastaafu nacho." Mzee alikohoa. "Kuna mtu kaumia?"

"Kidogo aumie."

"Basi nisamehe," Babu Waya alisema, na mtu alisikia kabisa kwamba anaomba kwa dhati. "Kesho nakuja. Tukae tuviandike vyote, nilivyonavyo kichwani. Kichwa chenyewe hiki si cha kutegemea."

Alikuja kweli, asubuhi mapema, na mkongojo. Walikaa siku mbili wakipitia vigeu arobaini na nane, kimoja kimoja, wakiandika ni cha nini na nani anakihitaji. Vinne hata Babu Waya hakuvikumbuka, wakavifanyia majaribio mpaka vikajieleza. Nywila ya hifadhidata hairithishwi tena kwa mtoto yeyote. Kigeu cha kilo kinarithishwa waziwazi, na kikikosekana tovuti inakataa kuiita programu: inaandika kwa herufi nyekundu kwamba haijui kipimo, na lebo haitoki. Na ile akaunti aliyorithi kwa Babu Waya ameifuta. Sasa akitaka kujaribu kitu, anaingilia mlango uleule anaouingilia muuguzi.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kuvaa sweta, Mama Seva alikuwa anapita kwanza wodi ya watoto.

Siku ya kwanza mama wa mtoto aligeukia ukutani. Siku ya pili alisema, "Umekuja tena?"

"Nimekuja kupiga hesabu ya leo mbele yako."

"Mimi sijui hesabu za hospitali."

"Si za hospitali. Ni za sokoni. Mtoto ana kilo kumi na nne. Dawa yake ya kila siku ni miligramu tano kwa kila kilo. Ungekuwa unauza kilo moja kwa tano, na mtu kataka kilo kumi na nne, ungemdai ngapi?"

Mama yule alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akarudia, akamalizia na vya mkono wa mwanawe aliyekuwa macho na anacheza na kitambaa cha shuka.

"Sabini."

"Sabini."

"Na kumi na nne, nani kasema ni kumi na nne?"

Mama Seva alimwita Sista Miwani. Walimbeba mtoto wakaenda naye kwenye mizani, wote watatu, Sista Miwani akisogeza chuma. Kumi na nne na robo.

Hapo ndipo mpango wake ulipozaliwa, na ndio anaouzungumzia sasa kuliko seva. Lebo mpya, iliyoanza kuchapwa Jumatatu iliyofuata, haina jibu peke yake. Ina uzito, ikifuatwa na neno kilo, ina kiasi kwa kila kilo, na ndipo jibu, vyote kwa maandishi makubwa ya kusomeka na mtu aliyekalia ndoo. Anataka hospitali impe nusu saa kila wiki, pale kwenye foleni ya kliniki ya watoto, awafundishe kina mama kuisoma. Mganga mkuu hajakubali bado. Katibu anaogopa itachelewesha foleni.

"Itachelewesha," anakiri. "Mimi nataka ichelewe. Nataka mama yeyote aweze kunikatalia."

Siku ya kuruhusiwa, mtoto wa kitanda cha tisa alikuwa amevalishwa gauni la njano na viatu. Ilibaki sindano moja. Muuguzi wa zamu, msichana mgeni ambaye hakuwa na habari ya yaliyotokea, alikuja na trei akataka mkono.

"Subiri kwanza," mama wa mtoto alisema.

Aliichukua lebo. Mama Seva alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Yule mama alihesabu kwa vidole, polepole, mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Muuguzi akatazama saa yake. Mtoto akapiga miayo.

"Haya," mama akasema, akakunja mkono wa gauni la mwanawe. "Mchome."